Niliitika "Iko"

Kuna mzee mmoja Kamembe ambaye hajui tena kama amefunga mlango wake. Anaufunga, anatembea hatua kumi, anarudi kuusukuma kwa kiganja, anaondoka, halafu anarudi tena. Majirani wanamcheka kidogo, bila ubaya, wanasema ni uzee. Si uzee. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemfanya mtu huyo asikiamini kichwa chake mwenyewe, na nilifanya hivyo mchana kweupe, mbele ya watu, nikiwa nimevaa shati safi lenye kalamu mfukoni.

Nilikuwa injenia wa matengenezo ya mitambo kwenye kiwanda kidogo cha chokaa upande wa Muganza. Si kile kikubwa cha saruji ambacho malori yake kila mtu anayajua. Chetu kilikuwa cha nyuma huko, uwanja wa vumbi jeupe, tanuri moja, kinu kimoja cha kusagia mawe, na karakana iliyoezekwa mabati. Siku hizi hakipo, mabati yenyewe yameng'olewa. Lakini wakati ule kinu kile kilikuwa kikilisha watu wa pale, na watu wa Nyakarenzo waliokuwa wakija kupakia magunia, na mimi nilikuwa daktari wake. Ndivyo nilivyojiita, nisikufiche. Daktari wa kinu! Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na kichwa kimevimba.

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa vitenge, mtu wa kuvuka daraja la mpakani kwenda Bukavu na kurudi kila siku ya Mungu. Alinisomesha kwa vitenge hivyo. Nilipopata kazi, hapakuwa na mtu mpakani ambaye hakuambiwa. Aliwaambia wachuuzi wenzake, akawaambia askari wa forodha, akawaambia hata watu ambao hawakuuliza. "Mwana wangu eko injenia." Mimi nilikuwa nikimwambia aache, naona haya, lakini uongo: nilikuwa napenda. Nilikuwa nikipita darajani makusudi niitwe Papa Injenia na wanawake walionifahamu tangu nikiwa nakimbia bila viatu.

Sasa huyo mzee. Alikuwa fundi mkuu pale karakana, ingawa karatasini hakuwa na cheo chochote. Mwislamu wa Kamembe, wa familia ya mafundi: baba yake alikuwa akitengeneza cherehani, kaka yake mabati. Miaka yake labda ilikuwa hamsini na miwili, lakini wote tulimwita Mzee, hata mkurugenzi. Mikono mipana, sauti ndogo. Hakuwa na shule ya kutaja. Alikuwa na kitu kimoja ambacho mimi, pamoja na diploma yangu, sikuwa nacho: hakuwahi kusahau kitu. Umemwazima spana mwezi wa pili, mwezi wa nane atakuambia ulimwazima siku gani na ilikuwa na ufa upande gani. Mkewe alikuwa akimtuma sokoni vitu kumi na vitano bila karatasi. Watu walikuwa wakimtania, wanabadilisha vitu kwenye meza yake ili waone kama atajua. Alijua. Alikuwa akitabasamu tu na kurudisha kila kitu mahali pake.

Na alikuwa na gunia lake. Lazima nilieleze gunia hili, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo. Lilikuwa gunia jeupe la mchele wa huko bondeni, limepasuliwa likawa shuka. Kila tulipofungua mtambo, kabla ya mtu kugusa nati ya kwanza, Mzee alilitandika chini. Juu yake alikuwa amechora kwa mkaa umbo la kila chombo: spana hii hapa, nyundo hii hapa, bisibisi hii hapa. Ukichukua, panabaki kivuli cha mkaa. Kazi ikiisha, kabla kifuniko hakijarudishwa, anapiga magoti mbele ya gunia na kuita kila chombo kimoja kimoja, na mtu aliyekitumia anaitika, "Iko!" Bila kuitikwa, hafungi. Angekuja rais mwenyewe, hafungi. Alijifunza mtindo huo ng'ambo, Bukavu, kwa fundi aliyemlea, ambaye inasemekana aliwahi kuacha patasi ndani ya injini ya boti.

Mwanzoni nililicheka gunia lile. Nikaona kama mchezo wa shule ya chekechea, wanaume wazima wanaitika "iko, iko". Baadaye nikaona linafaa, na hapo nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku najifunika shuka usoni. Wageni walipokuja kukagua kiwanda, niliwapeleka kwenye gunia na kuwaambia, "Huu ndio utaratibu niliouweka." Niliouweka! Mzee alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, anafuta mikono.

Ila vyombo vyangu mimi havikuwa na mahali kwenye gunia. Vyombo vya injenia vinakaa mfukoni mwa injenia. Nilikuwa na kipimo kimoja, kidogo kama kisu cha kukunja, chenye majani membamba ya chuma, kila jani na unene wake. Unalichomeka kati ya meno ya gia ili ujue nafasi iliyopo. Kilikuwa zawadi ya mwalimu wangu wa chuo. Mzee alikijua. Na kwa kuwa hakuweza kumwambia mkubwa wake amwage mifuko yake mbele ya vibarua, alikuwa na njia yake ya adabu. Akimaliza kuita vya gunia, anainua macho kidogo na kuuliza, "Na ya Papa Injenia?" Mimi nakitoa, nakionyesha juu, naitika kama wengine. Watu wanacheka, kifuniko kinafungwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Tulikuwa tumefungua sanduku la gia la kinu, ambalo sisi tuliliita bwati: sanduku la chuma kubwa kama jeneza, lililojaa mafuta mazito, ndani yake magurudumu ya meno yanayotoa nguvu kwenye mota na kuipeleka kwenye kinu. Tulibadilisha gurudumu moja. Kazi iliisha saa nane mchana, na malori ya wateja yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani. Mkurugenzi alikuja mwenyewe, akasimama nyuma yangu, anaangalia tu saa yake. Mimi nimeinama juu ya bwati napima nafasi ya mwisho. Simu inalia, ni mteja anagomba. Nikainuka, nikaipokea, nikawa naongea huku natembea huku na huku, najifanya mtu mwenye mambo mengi.

Mzee alipiga magoti akaanza kuita. Nyundo, iko. Spana ya ishirini na nne, iko. Vyote vikaitikwa. Kisha akainua macho kwangu. "Na ya Papa Injenia?"

Sikuitoa simu sikioni. Nilijipiga kifuani, hapa kwenye mfuko wa shati, bila kuangalia, nikaitika, "Iko, Mzee, iko, funga!"

Na yeye akafunga, kwa sababu nilikuwa nimeitika.

Jioni ile nyumbani, nikivua shati, nikagusa mfuko. Kalamu ilikuwepo. Kipimo hakikuwepo. Nikatafuta kwenye suruali, kwenye begi, kwenye gari lililonileta. Nikajiambia kiko ofisini mezani. Kesho yake mezani hakikuwepo, nikajiambia kiko kwenye droo, na droo sikuifungua. Unaelewa? Niliiacha ile droo imefungwa siku nzima ili kipimo kiendelee kuwa ndani yake. Ningeweza kusimamisha kinu kwa saa mbili, tukamwaga mafuta, tukatafuta. Watu wangenicheka, mkurugenzi angeninunia wiki moja, basi. Nilijitia hamnazo. Nilikuwa najua na nikawa sitaki kujua.

Kinu kilidumu siku tatu. Jumamosi asubuhi, saa nne hivi, nikiwa ofisini na chai yangu, nikasikia mlio ambao sijausikia tena, kama mtu anasaga mawe kwa meno, halafu mshindo, halafu kimya. Kinu kikisimama kiwandani, kimya kile kinauma masikio. Nilikimbia. Watu wamesimama mbali na bwati, moshi wa mafuta unatoka pembeni ya kifuniko.

Nikatoa amri. Wewe nenda kaniletee mnyororo wa kunyanyulia, wewe nenda na mwenzako mkalete ndoo za mafuta, wewe Mzee nenda stoo uangalie kama tuna gurudumu la akiba. Nilijua vizuri kwamba hatuna. Kwa muda mfupi nikabaki peke yangu na bwati. Nilifungua kile kidirisha cha kukagulia, nikakunja mkono wa shati, nikauzamisha mkono mpaka begani ndani ya mafuta ya moto. Yaliniunguza, nina baka mpaka leo. Nikapapasa vipande vya meno yaliyovunjika, kisha nikakigusa. Kilikuwa kimepindika, nusu ya majani yameng'oka. Nikayaokota moja moja kama mtu anayeokota dhambi zake, nikavitia vyote ndani ya kiatu changu. Waliporudi walinikuta nimesimama, mkono mweusi mpaka begani, nimekausha uso.

Siku hiyo nilitembea na chuma ndani ya kiatu mpaka jioni. Baadaye nilikitupa kwenye shimo la zamani la machimbo, lile lililojaa maji.

Kinu kililala wiki nyingi. Gurudumu lilibidi liagizwe mbali. Vibarua walirudishwa makwao, na nilikuwa nikikutana nao njiani Nyakarenzo, wananisalimia kwa heshima na kuniuliza kama dawa ya mgonjwa imefika. Nilikuwa nawajibu kwa hasira. Nimeona kwamba mtu mwenye kosa huwa na hasira nyepesi sana.

Jumatatu ile baada ya ajali, mkurugenzi alituita wote karakanani, mafundi saba na mimi. Meno yaliyovunjika yalikuwa yamepangwa mezani, na alama ilionekana hata kwa mtu asiyejua mashini: kitu kigumu kilikuwa kimepita kati yake. Akauliza nini kilibaki ndani. Wote wakamwangalia Mzee, kwa sababu gunia lilikuwa lake.

Mzee hakuogopa. Alilileta gunia, akalitandika, akaweka kila chombo juu ya kivuli chake. Hapakuwa na kivuli kilichobaki kitupu. Akaeleza taratibu nani alitumia nini na nani aliitika nini, siku ile ya Jumatano, kama anasoma kitabuni. Akamaliza na mimi. "Na Papa Injenia naye aliitika," akasema.

Mkurugenzi akanigeukia. Wote wakanigeukia. Hapo, jamani, hapo ndipo palipokuwa mlango. Ulikuwa wazi. Ningesema, "Niliitika bila kuangalia," maneno matatu tu, ningeaibika mchana ule na jioni ningekula ugali wangu nikalala. Nilimfikiria mama yangu pale darajani. Nilifikiria kwamba mwezi unaofuata nilikuwa nitangazwe mkuu wa ufundi. Nikasema, "Ndiyo, niliitika."

Lakini uongo mmoja hausimami peke yake, unataka kuegemezwa. Ikiwa vyombo vyote viko, basi ni nini kilichoingia? Nikaona nisipotoa jibu mimi, watalitafuta. Nikawaambia kwamba labda ni washa, vile vipete vinavyokaa chini ya kichwa cha bolti. Bolti za kifuniko zina washa nene za chuma kigumu, na zile za zamani tulikuwa tumezitoa siku ile na kuweka mpya. Nikamgeukia mtu yule ambaye hakuwahi kunikosea hata kwa jicho, nikamuuliza kwa sauti ya mwalimu.

"Mzee, zile washa za zamani ulizihesabu?"

"Nilizitia mu kopo, Papa. Nilizionaka zote."

"Sikuulizi kama uliziona. Ulizihesabu?"

Nilimwona anarudi ndani ya kichwa chake, anafungua vyumba, anatafuta. Nadhani alikuwa amezihesabu. Leo nina hakika alizihesabu, mtu yule alikuwa akihesabu hata ngazi za nyumba za watu. Lakini lile kopo la washa kuukuu lilikuwa limeshamwagwa kwenye takataka, hapakuwa na cha kuonyesha, na aliyemuuliza alikuwa ni injenia, mtu wa shule, ambaye hakuwa na sababu ya kumdanganya.

"Nafikiri nilizihesabu," akasema.

"Unafikiri?"

Nililisema polepole. Nikaliacha neno hilo likae pale mezani pamoja na meno yaliyovunjika. Fundi mmoja akakohoa. Mzee aliangalia gunia lake, halafu akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba basi huenda ni yeye, kwamba siku ile alifunga haraka, kwamba huenda moja ilimponyoka. Alikuwa ananisaidia! Alikuwa ananitafutia maneno ya kuandika kwenye ripoti, na mimi niliyaandika. Niliandika kwa Kifaransa kizuri sana kwamba kipande cha chuma kilisahauliwa ndani ya sanduku kutokana na uzembe wa fundi aliyesimamia ufungaji. Nikaweka sahihi yangu, yenye mkia mrefu chini.

Hawakumfukuza. Ningefurahi kama wangemfukuza, angekuwa na cha kunilaumu. Alikuwa akitegemea kufanywa kapita, yaani msimamizi, wa karakana mwaka ule, cheo cha karatasini hatimaye, baada ya miaka kumi na minane, wakampa mwingine. Yeye akapelekwa machimboni kupaka grisi mitambo ya kuvunjia mawe. Gunia likatupwa, ikaletwa karatasi ya kutiki, niliyoichora mimi. Na karakana, unajua watu walivyo, ikapata mzaha mpya. Akipita mtu anamwita, "Mzee, umehesabu?" Akivaa kofia, umehesabu? Akila muhogo, umehesabu? Hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wakimpenda. Yeye alikuwa akicheka nao. Mimi pia nilicheka, nisije nikaonekana sicheki.

Siku moja kijana mmoja fundi, naye Mwislamu, alinisimulia kama kichekesho kwamba msikitini Mzee siku hizi anabaki nyuma watu wakishaondoka. Anasali, anafika katikati, hajui kama ni rakaa ya tatu au ya nne, anaanza upya. Wakati mwingine anaanza upya mara tatu. Yule fundi alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Nikamwambia arudi kazini, nikafunga mlango wa ofisi. Nilikaa huko ndani nikilia kama mtoto, kisha nikanawa uso, nikaendelea na barua za wateja. Hayo ndiyo machozi yangu: hayakumsaidia mtu.

Aliacha kazi mwaka uliofuata. Akafungua kibanda chake Kamembe, anatengeneza pampu na mashini za kusaga unga. Mkewe alikaa naye pale kibandani kutwa nzima, na kila alipofunga pampu ya mtu, alimwita mkewe aje aangalie kama hakuna kitu kilichobaki ndani. Mimi nilipandishwa cheo. Nikaoa, nikajenga. Nikawa nikienda Kamembe napita barabara ya chini, ile yenye matope, ili nisipite mbele ya kibanda.

Nilijaribu mara moja. Nilikuwa nimevuka kwenda Bukavu kuungama kwa padri asiyenijua, na yule padri, mtu mkali, alikataa kunipa maneno matamu. Aliniambia niende kwa mwenyewe. Nikatoka pale nikiwa nimejikaza kweli, nikavuka daraja, nikapanda mpaka kibandani. Mzee akafurahi kuniona, akanifutia kiti, akamtuma mtu soda. Akaniuliza habari za kinu kama mtu anayeuliza habari za mtoto wake aliyelelewa na wengine. Nikamwambia nimekuja kununua mkanda wa pampu. Akaniuliza pampu ya aina gani. Nikabuni. Nikaununua, nikaubeba mpaka nyumbani, mkanda wa pampu ambayo sina.

Miaka ikapita. Kiwanda kilifungwa. Yule mkurugenzi alirudi kwao. Mama yangu tulimzika. Hapakubaki mtu hata mmoja duniani ambaye angeniadhibu kwa ajili ya bwati lile, na hilo nataka lieleweke vizuri, maana ndilo linaloniumiza zaidi ya yote.

Alasiri moja mke wangu akaja kuniambia kuna mgeni, mzee mmoja wa kanzu. Nikatoka, ni yeye. Amekonda, ndevu nyeupe, fimbo mkononi. Amepanda kilima chetu kwa miguu. Tukamkaribisha, mke wangu akaleta chai ya tangawizi na mandazi, akakaa nasi. Mzee akatuambia kwamba watoto wake wamempa zawadi, wanampeleka Hija, anaondoka baada ya siku chache. Tukampongeza. Akanywa chai kidogo, akakiweka kikombe chini, akakisogeza mbali na ukingo wa meza, akakiangalia, akakisogeza tena.

Halafu akaeleza. Kwao mtu hasafiri kwenda kule akiwa na watu aliowakosea nyuma yake. Anawapitia mmoja mmoja, anaomba radhi. Alikuwa amewapitia wote, jirani, mashemeji, mteja mmoja waliyegombana. Mimi alikuwa ameniweka mwisho kwa sababu kosa alilodhani amenitendea lilikuwa kubwa na alikuwa anaona haya.

"Papa Injenia, nilikuharibia kazi. Nilikupatisha haya mbele ya bakubwa bako. Miaka hii yote minawaza ile siku. Wewe uliitika ya kwako. Benzangu bote baliitika ya kwabo. Ile yenye ilibakia ni ya kwangu. Unisamehe."

Mke wangu aliniangalia. Hakuwa anajua lolote, alikuwa anasubiri tu kuona mumewe ni mtu wa namna gani. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, na kile kichwa, chenye kofia nyeupe iliyofumwa, kilikuwa mbele yangu karibu kiasi cha kukigusa. Kilikuwa kichwa kizima. Hakijawahi kusahau kitu. Neno langu moja lingekirudisha kwake, angekwenda mbele ya Mungu wake akijua amesali rakaa ngapi. Nililihisi lile neno mdomoni, nilihisi hata uzito wake. Na sikuwa na cha kupoteza ila sura yangu mbele ya mwanamke mmoja na mzee mmoja, sebuleni kwangu mwenyewe.

"Nimekusamehe, Mzee," nikasema.

Alilia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili ile mipana, akaniambia aksanti, aksanti sana, Mungu akulipe. Mke wangu naye alijifuta macho kwa kitenge, na alipokuwa akiondoa vikombe alipitisha kiganja mgongoni mwangu, kunisifu.

Nikamsindikiza Mzee mpaka kwenye kona ya njia. Alikuwa anatembea kwa wepesi kuliko alivyokuja, nami nilikuwa nataka tu aondoke. Akaniambia kule ataniombea dua kwa jina langu, mbele ya nyumba yenyewe ya Mungu. Nikamjibu kama watu wote wanavyojibu, mdomo ulijibu wenyewe.

"Haya, Mzee. Usisahau."

Akasimama. Uso wake ulibadilika, ule wepesi ukamtoka. Akatia mkono ndani ya kanzu, akatoa kidaftari kilichofungwa kwa mpira, akatoa na kalamu, akaniomba nimtajie jina langu. Jina langu, ambalo alilijua kwa miaka mingi. Nikamtajia. Akaliandika polepole, akalisoma kwa sauti, akaniuliza kama ni sawa. Nikamwambia ni sawa. Akafunga kidaftari, akaenda hatua chache kwenye njia, akasimama, akakifungua tena kuangalia kama ameliandika.